Namna ya Kuandaa na Kunywa Mchemsho wa Guizhi kwa Mafua Yanayoambatana na Maumivu ya Kichwa

Mchemsho wa vitawi vya mdalasini, ambao Wachina huuita Guizhi Tang, ndio dawa ya kwanza kuelezwa katika Shanghan Lun, kitabu cha maradhi yatokanayo na baridi kilichoandikwa na tabibu Zhang Zhongjing mwanzoni mwa karne ya 3, utawala wa Han ulipokuwa ukielekea mwisho wake. Katika utangulizi wa kitabu hicho tabibu huyo anasema kwamba ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya 200, na kwamba katika muda usiofika miaka 10 tangu mwaka 196 theluthi mbili yao walifariki, saba katika kila kumi ya waliofariki wakiwa wameuawa na maradhi ya baridi. Maandishi yake yalitawanyika, yakakusanywa na kupangwa na tabibu Wang Shuhe, kisha mwaka 1065 yakachapishwa kwa amri ya serikali ya nasaba ya Song. Hadi leo mwanafunzi wa tiba ya Kichina hujifunza mchemsho huu mapema, kwa kuwa michanganyiko mingi mingine imejengwa juu yake.

Maelekezo mengi yanayosambazwa kuhusu dawa hii hutaja viungo vyake vitano, husema vichemshwe, kisha hunyamaza. Zhang Zhongjing hakufanya hivyo. Kuhusu kuchemsha aliandika maneno machache tu, lakini kuhusu namna mgonjwa anavyokunywa, anavyojifunika, anachokula, na wakati anaopaswa kuacha, aliandika kwa urefu na kwa makini. Naamini mpangilio huo ni wa makusudi: chungu hufanya nusu ya kazi, na nusu nyingine hufanywa na uji wa moto, blanketi na jicho la mwuguzaji. Mwongozo huu unafuata mpangilio wake, pamoja na tahadhari ambazo zama zetu zimeongeza.

Kabla ya kuwasha moto

Kwa msomaji aliyeko Afrika Mashariki au Kongo, au aliyerejea kutoka huko wiki chache zilizopita, homa inayoambatana na maumivu ya kichwa haipaswi kudhaniwa kuwa mafua mpaka malaria iwe imepimwa. Kipimo cha haraka cha damu hupatikana katika zahanati nyingi na majibu yake hutoka chini ya nusu saa. Si sahihi hata kidogo kuanza mchemsho kwanza na kupima baadaye, kwa sababu jasho na ahueni ya muda vinaweza kumfanya mgonjwa aamini kuwa anapona huku vimelea vikiendelea kuongezeka. Ni kweli kwamba artemisinini, kiini cha dawa mseto ya malaria, ilipatikana baada ya Tu Youyou kusoma maelezo ya mmea wa qinghao katika maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini mmea huo haumo katika mchemsho tunaouzungumzia, na mchemsho huu hautibu malaria.

Vivyo hivyo, shingo iliyokakamaa kiasi kwamba kidevu hakifiki kifuani, kuchanganyikiwa, degedege, kupumua kwa shida, maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla, kutapika mfululizo au homa iliyopita siku tatu, yote hayo ni mambo ya hospitali. Mafua ya kawaida husababishwa na virusi na kwa watu wengi huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Tafiti zilizofanywa kuhusu mitishamba ya Kichina na mafua hazijawa na ubora wa kutosha kuthibitisha kwamba inayaponya, kwa hiyo anayekunywa mchemsho huu anafuata uzoefu wa karne nyingi, na yafaa alijue hilo.

Mgonjwa anayefaa kupewa

Tiba ya Kichina haiulizi tu kama mtu ana mafua, bali ana mafua ya namna gani. Dalili nne ambazo Shanghan Lun inazitaja kwa mchemsho huu ni kuumwa kichwa, homa, kutoka jasho na kuchukia upepo. Mgonjwa wa aina hii huwa na homa isiyo kali sana, ngozi yake ina unyevunyevu, na mlango ukifunguliwa hata kidogo husisimka na kuvuta shuka. Pua yake huziba au hutoa kamasi jepesi kama maji, pengine tumbo humchefuka, lakini koo halimwungui na kiu si kali. Tabibu akimshika mkono huuhisi mshipa ukipiga juujuu, laini, bila kukaza.

Alama kuu ni jasho. Wataalamu wa jadi wanasema kwamba mwili una nguvu mbili zinazotembea pamoja: moja, wei, huzunguka karibu na ngozi na kufungua au kufunga vinyweleo, nyingine, ying, hutembea ndani ya mishipa na kulisha mwili. Upepo unapoingia, wei hupambana nao huko nje na homa huwaka, lakini vinyweleo hubaki vimelegea na majimaji ya ying huvuja. Ndiyo maana mgonjwa anatoka jasho na bado hapati nafuu: ni jasho la kuvuja, lisilotoa kitu. Dawa inakusudiwa kulirudisha jasho katika utaratibu wake, litoke mara moja, kwa wastani, kisha vinyweleo vifunge.

Kutokana na mantiki hiyo, wapo wasiofaa kupewa. Mgonjwa mwenye homa asiyetoka jasho kabisa, mwili mzima ukimuuma na mshipa ukipiga kwa kukaza, amekatazwa waziwazi na Zhang Zhongjing; huyo aliandikiwa mchemsho wa Mahuang, ambao sishauri mtu auandae nyumbani, kwa maana mmea wake una efedrini inayopandisha shinikizo la damu na kuharakisha moyo, na Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004. Mgonjwa mwenye koo jekundu linalouma, kiu kali, kamasi la njano na joto jingi naye asipewe, kwani mdalasini na tangawizi vitamwongezea moto. Kwa hali yake matabibu wa karne za baadaye, hasa Wu Jutong aliyeandika mwishoni mwa karne ya 18, waliweka mchanganyiko wa Yin Qiao San, wenye asili ya kupoza. Mlevi wa pombe pia alikatazwa tangu mwanzo, kwa hoja kwamba mwili wake tayari una joto na unyevu ndani, na vitu vitamu humchefua na kumtapisha.

Viungo na namna ya kuvichagua

Kwa mtu mzima mmoja, kwa siku moja, vipimo vinavyotumika sasa katika vitabu vya kufundishia ni hivi: guizhi gramu 9, baishao gramu 9, zhi gancao gramu 6, tangawizi mbichi gramu 9, na kunazi za Kichina zilizokaushwa, yaani dazao, 3 au 4. Maandishi ya asili yanasema liang 3, 3, 2 na 3, pamoja na kunazi 12. Liang ya enzi ya Han ilikaribia gramu 15, hivyo kipimo cha kale kilikuwa kikubwa zaidi. Tabibu Li Shizhen, katika karne ya 16, alishauri kila liang ya kale ihesabiwe kuwa qian moja, ambayo ni kama gramu 3, na desturi hiyo ndiyo iliyoenea. Asiye tabibu asijaribu kurudi kwenye vipimo vya Han.

Guizhi ni vitawi vichanga vya mti wa mdalasini wa Kichina, unaolimwa hasa Guangxi na Guangdong, kusini mwa China. Huuzwa vikiwa vimekatwa vipande vyembamba vya rangi ya kahawia yenye wekundu. Ukikivunja kipande kinukie mara moja. Gome la mdalasini tunalotia kwenye pilau au chai halichukui nafasi yake: gome la mti huohuo wa Kichina huhesabiwa kuwa dawa nyingine, inayopasha tumbo na figo badala ya kutoa baridi kupitia ngozi, na mdalasini unaolimwa Zanzibar ni wa spishi nyingine.

Baishao ni mzizi wa ua la pioni, uliomenywa, ukachemshwa na kukaushwa. Bozhou, katika jimbo la Anhui, ni moja ya sehemu zinazosifika kwa mzizi huu, na soko la mitishamba la mji huo ni kubwa mno. Jihadhari na vipande vyeupe kupita kiasi vyenye harufu kali ya uchachu, kwa sababu wauzaji wengine hufukiza mizizi kwa salfa ili ipendeze macho. Vipande vizuri huwa na weupe uliofifia, pengine wenye wekundu kidogo. Usikubali kupewa chishao badala yake, kwani ni pioni pia, lakini kazi yake ni nyingine.

Zhi gancao ni mzizi mtamu wa urukususu uliokaangwa kwa asali. Ukipata gancao ghafi tu, changanya asali iliyochemshwa, gramu 25 kwa kila gramu 100 za mzizi, ongeza maji ya moto kidogo ili iwe nyepesi, acha vipande vinywe asali hiyo, kisha vikaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo mpaka viwe vya njano iliyokolea na visigandie vidole. Tangawizi lazima iwe mbichi, kwa kuwa iliyokaushwa huhesabiwa kuwa dawa tofauti. Dazao ni matunda ya mti wa ukoo mmoja na mkunazi wetu, ila ni makubwa zaidi, mekundu na yenye nyama tamu. Tende haziwi badala yake.

Mswahili anayeishi Guangzhou kwa biashara au masomo atavipata vyote katika duka lolote la dawa za jadi, au katika soko la Qingping ambalo limejulikana kwa mitishamba kwa muda mrefu. Aliyeko kwingine na atafute duka lenye mtaalamu anayeweza kutaja jina la kila kipande. Pakiti ya unga usio na jina la mmea wala tarehe haifai kununuliwa, maana unga hauonyeshi kilichosagwa ndani yake.

Uwiano wa guizhi na baishao ndio roho ya dawa hii. Guizhi hupasha na kusukuma nje, baishao hukusanya na kushika ndani, na kwa kuwa vimelingana, mgonjwa hutoka jasho bila kukaushwa. Zhang Zhongjing mwenyewe alipoongeza guizhi hadi liang 5 alipata dawa ya ugonjwa mwingine, wa pumzi inayopanda kwa nguvu kutoka tumboni kuelekea kifuani. Alipoongeza pioni hadi liang 6 akapata dawa ya maumivu ya tumbo. Kwa hiyo tumia mizani ndogo ya jikoni, usikadirie kwa kiganja. Nyongeza moja inayostahili kutajwa hapa ni mzizi wa gegen, ambao aliuongeza kwa mgonjwa mwenye dalili hizihizi ambaye ukosi na mgongo wake wa juu umekaza. Hata hivyo, mkazo huo usichanganywe na shingo iliyokakamaa niliyoitaja juu, ambayo hupelekwa hospitali.

Kuchemsha

Tumia chungu cha udongo, sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya kioo kinachostahimili moto. Chuma cha kawaida, shaba na aluminiamu huepukwa na Wachina kwa kuwa vinaweza kuingiliana na viini vya mitishamba. Suuza vipande haraka kwa maji baridi, kata tangawizi vipande vyembamba pamoja na ganda lake lililosuguliwa, na pasua kunazi kwa vidole. Maandishi ya asili yanasisitiza zipasuliwe, kwa sababu kunazi nzima hutoa utamu wake kidogo tu.

Kanuni ya kale ni maji sheng 7 (sheng ni kipimo cha kale cha ujazo) yachemke mpaka zibaki 3. Kwa vipimo vyetu vidogo, weka mililita 1,050 za maji baridi na uache vipande viloweke humo kwa dakika 20 hadi 30. Njia nyepesi ya kujua maji yamefika wapi ni kumimina kwanza mililita 450 ndani ya chungu kikiwa kitupu, kusimamisha kijiti cha mti ndani yake na kukiwekea alama, kisha kukitumia kijiti hicho kupimia wakati wa kupika. Anza na moto wa kati mpaka maji yachemke, halafu punguza uwe mdogo, maji yakitokota taratibu, mfuniko ukiwa umeegeshwa. Moto mkali hupoteza mafuta yenye harufu ya guizhi, nayo ndiyo yanayohitajika zaidi kwa mgonjwa wa mafua. Kwa kawaida kazi hii huchukua kati ya dakika 40 na saa nzima. Maji yakifikia alama, chuja mara moja. Utapata kinywaji cha rangi ya kahawia, chenye utamu, ukali wa tangawizi na uchachu wa mbali wa pioni. Kigawe sehemu tatu za mililita 150.

Wakati chungu kiko motoni, pika uji. Chukua mchele mweupe kiasi cha konzi moja, yaani gramu 50 hivi, uchemshe katika lita moja ya maji mpaka punje zipasuke na maji yawe mazito kidogo tu. Usitie sukari, maziwa, siagi wala viungo, na tui la nazi ambalo hupendeza uji wa pwani lisikaribie sufuria hii.

Kunywa, uji na blanketi

Mgonjwa anywe sehemu ya kwanza ikiwa na joto analoliweza mdomo. Baada ya dakika chache, anywe uji wa moto, kikombe kimoja na zaidi kidogo, kwa kuupuliza na kuunywa polepole. Uji huu ni sehemu ya dawa: joto lake husaidia kusukuma nje, na mchele humpa mgonjwa malighafi ya jasho, kwani mtu aliyekaa njaa hana cha kutoa. Mafundisho ya jadi yanasema kwamba mchemsho wenyewe ni mpole, na kwamba bila uji huo jasho linalotakiwa mara nyingi halitokei.

Kisha alale, afunikwe vizuri kwa muda wa kama saa mbili, madirisha yakiwa yamefungwa upande unaovuma upepo. Kinachotafutwa ni jasho jembamba lililoenea mwili mzima, pamoja na miguu na mikono, kiasi cha kulowesha ngozi tu. Zhang Zhongjing anaonya kwamba lisitiririke kama maji, kwa sababu likitiririka ugonjwa hautaondoka. Hapa ndipo watu wengi wenye nia njema hukosea, wakimrundikia mgonjwa mablanketi na kumfukiza juu ya hayo wakidhani jasho jingi ni ponyo la haraka. Humchosha moyo, humpotezea maji na chumvi, na humwacha ametetema zaidi. Mwuguzaji aingize mkono chini ya shuka kila baada ya muda mfupi na kugusa mgongo na nyayo. Jasho likishaenea, apunguze funiko moja, amfute mgonjwa kwa kitambaa kikavu chenye uvuguvugu, na ambadilishie nguo bila kumweka kwenye upepo. Nchi zetu za joto zinahitaji uangalifu wa ziada: mahali ambapo usiku wenyewe una jasho, shuka moja na khanga hutosha.

Ikiwa jasho limetoka na nafuu imekuja baada ya sehemu ya kwanza, acha. Agizo hili limeandikwa bila utata, kwamba dawa iliyobaki si lazima imalizwe, na linatofautiana na yale ya antibiotiki ambayo watu wameyazoea. Ikiwa jasho halijatoka, mpe sehemu ya pili kwa utaratibu uleule, uji ukiwemo. Likigoma tena, sehemu ya tatu isogezwe karibu, ili zote tatu ziishe ndani ya nusu siku. Kitabu cha asili kinaruhusu tabibu kuendelea hadi chungu cha pili au cha tatu huku akimwangalia mgonjwa mchana na usiku. Kwa mgonjwa wa nyumbani naweka mpaka mfupi zaidi: asipopata nafuu baada ya siku mbili, aonwe na daktari.

Katika siku hizo asile vitu vibichi na baridi, vya kunata, nyama, tambi, vitunguu na vikali vya jamii hiyo, pombe, maziwa wala chochote chenye harufu mbaya. Orodha hiyo ni ya Zhang Zhongjing, nayo inalenga kulipumzisha tumbo.

Wanaopaswa kujizuia

Urukususu ukitumiwa kwa wingi au kwa siku nyingi hupunguza potasiamu mwilini na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au figo, na anayetumia dawa za kuongeza mkojo, digoksini au steroidi, asiunywe mchemsho huu bila idhini ya daktari wake. Mdalasini wa Kichina una kumarini, inayoweza kudhuru ini la baadhi ya watu, na anayemeza warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda ajiepushe nao. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasipewe kwa uamuzi wa nyumbani. Mwenye kisukari azihesabu kunazi na asali katika sukari yake. Anayetapika baada ya kunywa asilazimishwe kurudia, na kutoka damu puani, vipele au mapigo ya moyo kwenda mbio ni sababu ya kuacha papo hapo.

Mchemsho uliobaki huwekwa kwenye jokofu, ndani ya chombo cha kioo kilichofunikwa, na kupashwa moto kwa kiasi kinachonyweka tu. Ukipita siku moja umwagwe. Vipande vikavu visivyotumika hukaa vizuri katika makopo yaliyozibwa, mbali na jua na unyevu, kila kimoja kikiwa na jina lake na tarehe, nazo kunazi na gancao iliyokaangwa kwa asali zikaguliwe mara kwa mara, kwani katika hali ya hewa ya pwani hizo ndizo huwahi kuota ukungu.